Mwongozo Kamili: Kulinganisha Mvua ya Setilaiti na Kipimamvua Chako, Kutoka Tambarare ya Moshi Hadi Kihambani

Masika yakianza, swali linarudi lile lile kutoka kwa maafisa ugani, wanafunzi na viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao): setilaiti inasema hivi, kipimamvua cha kijijini kinasema vile, tumwamini nani? Mara nyingi wote wawili wamesema kweli. Tatizo liko kwenye jedwali: siku mbili tofauti zimewekwa mstari mmoja, au mvua ya Kahe, tambarare, imepelekwa Kibosho, mlimani, au mtu amejumlisha milimita kwa saa akidhani ni milimita.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja. Ukimaliza utakuwa na jedwali la msimu mzima, na utajua data uliyoichagua inakosea kiasi gani mahali ulipo, kwa mwinuko wako. Nimeuandika kwa ajili ya Moshi kwa sababu hapa familia moja huwa na kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa) mlimani na shamba tambarare, na setilaiti hupata taabu kubwa kutofautisha mvua ya sehemu hizo mbili. Aliyeko Arusha abadilishe majina tu: Tengeru na miteremko ya kusini ya Meru upande mmoja, Oldonyosambu kwenye ukavu upande wa pili.

## Mahitaji

- Vipimamvua viwili angalau, vitatu ni bora. Vya kawaida vina mdomo wa kipenyo cha milimita 127. Vya plastiki vinatosha, ilimradi vyote viwe vya aina moja.
- Silinda ya kupimia yenye mililita, kama kipimamvua hakina kioo chake chenye alama.
- Daftari la jalada gumu na kalamu ya risasi. Wino na mvua havipatani.
- Simu yenye GPS.
- Kompyuta yenye Excel au programu nyingine ya majedwali, na intaneti ya kupakulia faili ndogo.
- Akaunti ya bure ya Google Earth Engine au ya NASA Earthdata.
- Mtu wa kusoma kila kipimamvua kila siku, pamoja na mtu wa akiba.

Hilo la mwisho ndilo linaloua miradi mingi. Vifaa hupatikana. Msomaji anayeamka kila siku hadi mwisho wa Mei ni shida kumpata.

## Hatua ya 1: Panga vipimamvua kwa kufuata mwinuko

Wengi huviweka vyote karibu na ofisi kwa sababu ndiko walipo. Hapo unapata jibu la ofisi tu.

Weka kimoja tambarare, maeneo kama Mabogini au Kahe, karibu mita 700 hadi 800 kutoka usawa wa bahari. Cha pili kiwe kwenye ukanda wa kahawa na migomba, mita 1,200 hadi 1,500: Kibosho, Uru, Machame, Marangu, popote ulipo na mtu wa kuaminika. Cha tatu, ukiweza, kiwe kwenye vijiji vya juu vinavyopakana na msitu.

Sababu ni hii. Mjini Moshi mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 1,000. Ukipanda mteremko wa kusini inaongezeka hadi ndani ya msitu, kwenye mita 2,100 au 2,200, ambako hufikia karibu milimita 3,000. Kuanzia hapo inapungua tena, na kileleni, mita 5,895, ni kidogo sana. Mabadiliko yote hayo ya upande wa chini yanatokea katika umbali ambao daladala hupanda kwa muda mfupi tu.

Mahali penyewe pawe wazi. Kila kizuizi kiwe mbali na kipimamvua angalau mara mbili ya urefu wake: mgomba wa mita 4 unataka mita 8. Kihambani nafasi hiyo ni adimu, kwa hiyo omba kona ya uwanja wa shule, kanisa au ghala la kahawa. Zungushia wavu, maana mbuzi hawajali sayansi.

Tahadhari: usiweke kipimamvua juu ya paa wala chini ya ukingo wa paa. Juu ya paa upepo hupeperusha matone yasiingie, na chini ya ukingo utapima maji ya bati.

Umefaulu ikiwa ukisimama kwenye kipimamvua na kutazama pande zote unaona anga bila jani wala bati juu yako, na mdomo wake umelala sawa. Hakikisha kwa pimamaji ya fundi.

## Hatua ya 2: Soma saa tatu asubuhi, kila siku

Saa tatu asubuhi ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa hapa nchini, na ndiyo saa 6:00 kwa majira ya UTC, saa ya kimataifa inayotumiwa na data za setilaiti. Ukifuata saa hiyo, takwimu zako zitaweza kulinganishwa na za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA.

Kama kipimamvua ni cha kujitengenezea, chupa na faneli, hesabu ni rahisi. Tafuta eneo la mdomo kwa sentimita za mraba, gawa mililita kwa eneo hilo, kisha zidisha kwa 10. Mdomo wa kipenyo cha sentimita 10 una eneo la 78.5, hivyo mililita 157 ni mvua ya milimita 20. Kwa mdomo wa milimita 127, kila milimita moja ya mvua ni mililita 12.7 hivi.

Katika daftari kuna alama tatu ambazo kila msomaji lazima azifahamu:

- 0.0 maana yake nimeangalia, hakuna mvua.
- Mstari (–) maana yake sikuangalia.
- J maana yake ni jumla ya siku zaidi ya moja.

Hiyo J ni muhimu kuliko inavyoonekana. Jumapili watu wako kanisani, kipimamvua hakisomwi, na Jumatatu kinaonyesha milimita 38. Zikiandikwa zote kuwa za Jumatatu, Jumapili utailaumu setilaiti kwa kuona mvua "ya uongo", na Jumatatu utailaumu kwa kukosa mvua kubwa. Kosa la mtu mmoja limezaa makosa mawili ya setilaiti.

Tahadhari: nafasi tupu hairuhusiwi. Excel ikiachiwa nafasi tupu, wakati mwingine huiruka, wakati mwingine huihesabu kuwa sifuri, kutegemea fomula. Wewe unataka kuamua mwenyewe.

## Hatua ya 3: Chukua koordineti na uzihakikishe

Simama kwenye kipimamvua, fungua GPS, andika latitudo na longitudo kwa tarakimu nne baada ya nukta, pamoja na mwinuko. Mji wa Moshi uko karibu na -3.35, 37.34.

Alama ya kutoa ndiyo inayosahaulika. Ukiandika 3.35 badala ya -3.35, utapakua mvua ya ukame wa kaskazini mwa Kenya, upande wa Marsabit, kisha utashangaa kwa nini setilaiti "haioni" masika ya Kilimanjaro. Ukibadilishana namba, ya kwanza ikawa ya pili, unatua Hispania, jirani na Granada.

Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, bandika koordineti kwenye ramani ya mtandaoni na utazame picha ya juu. Ukiona paa la ile shule uliyoweka kipimamvua, endelea.

## Hatua ya 4: Chagua data, na ujue inatoka wapi

Hapa msomaji asiharakishe.

Kwanza, ondoa dhana ya programu ya simu. Ile inayoandika "mvua leo mm 6" mara nyingi inakuonyesha utabiri wa modeli ya kompyuta. Haijapima kitu. Usiilinganishe na kipimamvua ukasema umepima setilaiti.

Data tatu zinatosha kwa kazi yetu, na zote ni za bure.

CHIRPS inatengenezwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kwa ushirikiano na idara ya jiolojia ya Marekani, USGS. Inaanzia 1981. Pikseli yake, yaani kiraba cha ramani kinachopewa namba moja, ni digrii 0.05, kama kilomita 5.5 kwa 5.5. Inachanganya vitu vitatu: ramani ya wastani wa mvua wa miaka mingi, joto la vilele vya mawingu linaloonwa na setilaiti, na vipimo vya vituo vya ardhini.

TAMSAT inatoka Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na ni ya Afrika tu. Inaanzia 1983, pikseli yake ni kama kilomita 4. Inategemea Meteosat, setilaiti inayokaa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta na kupima joto la vilele vya mawingu kila baada ya dakika 15.

IMERG ni ya NASA, ndani ya mpango wa GPM unaoendeshwa pamoja na shirika la anga la Japani, JAXA. Setilaiti yake kuu ilirushwa Februari 2014 ikiwa na rada na kihisi cha maikrowevu. Pikseli ni digrii 0.1, kama kilomita 11, lakini hutoa picha kila nusu saa. Ina matoleo matatu: Early, linalopatikana takriban saa 4 baada ya tukio; Late, saa 14 hivi; na Final, ambalo husubiri miezi mitatu na zaidi na hurekebishwa kwa vituo vya ardhini.

Uchague ipi? Kwa jumla ya siku kumi na ya msimu mlimani, mimi ningeanza na CHIRPS, kwa sababu ramani yake ya wastani tayari inajua kwamba Kibosho hupata mvua kuliko Mabogini. Kwa swali la "mvua ilinyesha siku gani na saa ngapi", chukua IMERG. TAMSAT iweke kama shahidi wa tatu.

Tahadhari kwa wanafunzi hasa: CHIRPS na IMERG Final zimeshakula vipimo vya ardhini. Ukizilinganisha na kituo ambacho data yake imeingizwa humo, umempa mwanafunzi mtihani pamoja na majibu. Kipimamvua chako cha kijijini, ambacho hakuna aliyewahi kukituma popote, ni shahidi bora kuliko kituo rasmi kwa kazi hii. IMERG Early na Late, pamoja na TAMSAT, hazichanganywi na vipimo vya ardhini vya siku hizo hizo, ndiyo maana ni vizuri kuwa na mojawapo kando.

Andika kwenye jalada la faili jina la data, toleo, na tarehe uliyoipakua. CHIRPS hutoka kwanza toleo la awali, kisha la mwisho hufuata karibu wiki ya tatu ya mwezi unaofuata. Ukichanganya ya awali na ya mwisho katika msimu mmoja, huwezi tena kusema ulichopima ni nini.

## Hatua ya 5: Pakua bila kuharibu vipimo

Katika Google Earth Engine, CHIRPS ya kila siku inaitwa UCSB-CHG/CHIRPS/DAILY, na IMERG toleo la 7 ni NASA/GPM_L3/IMERG_V07. Zote zina bendi (safu ya data) iitwayo precipitation, na hapo ndipo mtego ulipo: jina ni moja, vipimo si vimoja.

CHIRPS ya kila siku ni milimita kwa siku. IMERG ya nusu saa ni milimita kwa saa. Kwa hiyo kila picha ya IMERG izidishe kwa 0.5 kabla ya kujumlisha. Usipofanya hivyo mvua yako yote inakuwa mara mbili, na kwa bahati mbaya mara mbili ni kosa linaloweza kuaminika. Mlimani litaonekana hata kama "limesahihisha" upungufu.

Asiyependa kuandika msimbo anaweza kutumia Giovanni ya NASA kupata IMERG, au huduma ya TAMSAT kwenye tovuti yake ya kutoa mfululizo wa data ya nukta moja. Faili la CSV la msimu mmoja ni dogo, halimalizi bando.

Kagua faili ukilifungua. Tafuta -9999. Hiyo ni alama ya data isiyopatikana, na moja tu ikiingia kwenye jumla inafuta mvua ya msimu mzima na kuacha namba hasi. Kisha hesabu mistari: Machi hadi Mei ni siku 92. Ukiwa na 91, tafuta iliyopotea sasa hivi, usingoje.

Toa data ya pikseli ya kila kipimamvua peke yake. Usichore duara moja linaloanzia Mabogini hadi msituni ukachukua wastani. Ukifanya hivyo umefuta tofauti uliyokuja kuitafuta.

## Hatua ya 6: Linganisha siku na siku

Kama kuna hatua moja inayowaangusha watu wengi, ni hii.

Kipimamvua ulichosoma Jumanne saa tatu asubuhi kina mvua ya kuanzia Jumatatu saa tatu. Siku ya IMERG inaanza saa 00:00 UTC, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Ukiweka usomaji wa Jumanne kwenye mstari mmoja na setilaiti ya Jumanne, zinashirikiana saa 6 tu kati ya 24. Ukirudisha tarehe ya kipimamvua nyuma siku moja, zinashirikiana saa 18.

Njia safi zaidi ni kujumlisha picha 48 za nusu saa za IMERG, kuanzia saa 6:00 UTC ya jana hadi saa 6:00 UTC ya leo. Hapo saa zote 24 zinaoana.

Usiniamini bila kupima. Tengeneza safu tatu za setilaiti kwenye Excel: moja kama ilivyo, moja iliyosogezwa mbele siku moja, moja nyuma siku moja. Tumia fomula ya CORREL, inayopima jinsi safu mbili zinavyopanda na kushuka pamoja, kati ya kila safu na kipimamvua. Safu yenye namba iliyo karibu zaidi na 1 ndiyo yenye tarehe sahihi. Kama ile "kama ilivyo" imeshindwa waziwazi na jirani yake, tarehe zako zimepishana.

Kwa CHIRPS usihangaike sana na siku moja moja. Data hiyo hukokotolewa kwa vipindi vya siku tano, kisha hugawanywa kwa siku. Mgawanyo huo ni makadirio juu ya makadirio.

## Hatua ya 7: Jumlisha kwa dekadi

Dekadi ni siku kumi: tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, na 21 hadi mwisho wa mwezi. TMA hutumia mgawanyo huo katika taarifa zake za kilimo, na vipindi viwili vya CHIRPS vya siku tano vinaingia kamili ndani ya dekadi moja. Masika ya Machi hadi Mei yanakupa dekadi 9.

Kwa nini tusibaki na siku? Kwa sababu mdomo wa kipimamvua una eneo la sentimita za mraba 127, na pikseli ya CHIRPS ni kama kilomita za mraba 30. Mvua ya radi ya mchana inaweza kulowesha Majengo ikaacha Pasua pakavu. Siku hiyo setilaiti ikisema milimita 8 kwa pikseli nzima, iko sahihi, na kipimamvua chako chenye sifuri kiko sahihi pia. Ukijumlisha siku kumi, bahati za namna hiyo hufutana kwa sehemu kubwa, na kinachobaki ndilo kosa halisi.

Dekadi ambayo ina mistari (–) miwili au zaidi, iondoe kwa pande zote mbili. Ile yenye J iko salama, ilimradi siku zote zilizojumlishwa zimo ndani ya dekadi hiyo hiyo.

## Hatua ya 8: Hesabu makosa matatu

Hizi ni namba za mfano, nimezitunga ili uone hesabu. Chukulia kipimamvua cha kihambani, dekadi 9 za masika:

Kipimamvua: 20, 45, 60, 95, 130, 110, 90, 70, 40. Jumla 660.

Setilaiti: 25, 40, 50, 70, 85, 80, 65, 50, 35. Jumla 500.

Mkengeuko. Toa 660 kwenye 500, gawa kwa 660. Jibu ni -24%. Setilaiti imepunguza mvua ya msimu kwa karibu robo.

Wastani wa kosa la dekadi. Chukua tofauti ya kila dekadi bila kujali alama: 5, 5, 10, 25, 45, 30, 25, 20, 5. Jumla 170, gawa kwa 9, unapata milimita 18.9. Namba hii ni muhimu kwa sababu mkengeuko unaweza kuwa sifuri huku setilaiti ikikosea kila dekadi, mara juu, mara chini.

Kuona na kuzua. Hii ni ya siku, kwa IMERG. Siku ya mvua iwe ile yenye milimita 1 au zaidi. Tuseme kipimamvua kilikuwa na siku 40 za mvua, na setilaiti ilisema 36, kati ya hizo 26 zikioana. Imeona 26 kati ya 40, yaani 65%. Imezua 10 kati ya 36, yaani 28%.

Rudia kwa kila kipimamvua peke yake. Ukichanganya cha tambarare na cha mlimani, ziada ya kimoja inaficha upungufu wa kingine na ripoti inatoka nzuri kuliko ukweli.

## Hatua ya 9: Soma matokeo kwa mwinuko

Sasa una namba. Ili usizitafsiri vibaya, jua setilaiti inatazama nini.

Kihisi cha joto hakioni tone hata moja. Kinaona ubaridi wa kilele cha wingu, na kinachukulia kwamba wingu lenye kilele baridi ni refu, na refu lina mvua. CHIRPS huhesabu muda ambao kilele kilikuwa na baridi kuliko takriban nyuzi -38. Kwa radi ya tambarare kanuni hiyo inafanya kazi vizuri.

Mlimani mambo ni mengine. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi inasukumwa juu na mteremko, inapoa, na wingu linaanza kumwaga likiwa bado la chini na kilele chake hakijafika kwenye baridi ya barafu. Wewe uko Uru umelowa, setilaiti inaona wingu lenye joto na kuandika sifuri. Manyunyu ya Juni na Julai, yale yanayofunika mteremko wa kusini asubuhi nzima, ndiyo mabaya zaidi kwa upande huu.

Maikrowevu za IMERG haziponi. Juu ya nchi kavu hutegemea zaidi chembe za barafu zilizo ndani ya wingu, na wingu la chini halina. Rada inaona matone yenyewe, lakini inapita juu ya sehemu moja mara chache, na karibu na ardhi mwangwi wa mlima humeza mwangwi wa mvua.

Kwa hiyo kwenye ukanda wa kahawa tegemea mkengeuko wa hasi. Na ukumbuke ukubwa wa pikseli: kutoka mjini Moshi hadi Kibosho na msitu ulio juu yake unavuka pikseli moja au mbili tu za IMERG. Mitaa mikavu na msitu wenye maji vinapewa namba moja.

Tambarare tarajia kinyume, hasa kuelekea uwanda wa KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) na Arusha Chini. Wingu ni refu na baridi kweli, lakini matone yanakauka njiani katika hewa yenye joto. Mawingu membamba ya juu yanayobaki baada ya radi nayo huonekana baridi bila kuwa na maji. Ndipo setilaiti inapozua mvua.

Ukipata matokeo ya kinyume kabisa, yaani ziada kubwa mlimani na upungufu tambarare, usikimbilie kuandika kwamba umegundua jambo. Rudi hatua ya 3 na ya 5.

## Hatua ya 10: Sahihisha pale panaposahihishika

Kisahihishi rahisi ni jumla ya kipimamvua kugawa kwa jumla ya setilaiti. Katika mfano wetu, 660 kwa 500 ni 1.32. Zidisha kila dekadi ya setilaiti kwa 1.32 na wastani wa kosa unashuka kutoka milimita 18.9 hadi 7.3. Hadi hapo mtu anafurahi na kufunga kompyuta.

Usifunge. Tazama dekadi ya kwanza. Setilaiti ilikuwa 25, kipimamvua 20, kosa 5. Baada ya kusahihisha imekuwa 33, kosa 13. Kisahihishi kimeboresha Aprili, ambako mvua ilikuwa nyingi, na kuharibu mwanzo wa Machi. Mwanzo wa Machi ndipo mkulima anapoamua kama atapanda mahindi ya shamba la chini, na ndipo bima nyingi za mazao zinazotumia setilaiti huanza kuhesabu. Milimita 13 za uongo wakati huo zinaweza kumfanya mtu azike mbegu kwenye vumbi.

Kwa hiyo tenganisha. Dekadi ambazo setilaiti inaonyesha chini ya milimita 30 ziache kama zilivyo, au zitafutie kisahihishi chao. Namba hiyo 30 si sheria. Jaribu 20, jaribu 40, chagua inayopunguza kosa kwenye data yako.

Mambo mengine ya kuzingatia:

- Kisahihishi cha masika hakitumiki kwenye vuli. Mvua zake hazifanani, na mkengeuko hufuata aina ya mvua.
- Kisahihishi cha Kibosho hakihamishiwi Rongai wala Siha. Upande wa kaskazini na magharibi wa mlima ni mkavu zaidi na una mawingu ya tabia nyingine.
- Msimu mmoja unakupa makadirio ya kuanzia tu. Tumia msimu wa kwanza kutafuta kisahihishi, wa pili kukijaribu bila kukigusa. Kikifeli msimu wa pili, andika hivyo hivyo kwenye ripoti.
- Kamwe usisahihishe siku moja moja kwa namba ya dekadi. Sifuri ukiizidisha kwa 1.32 inabaki sifuri, na siku ambazo setilaiti haikuona mvua ndizo zilizokuwa na tatizo.

Ukishapata namba ya kila ukanda, iandike kwenye jalada la ndani la daftari la msomaji wa ukanda huo, pamoja na jina la data, toleo na msimu. NASA au Santa Barbara wakitoa toleo jipya, kata namba hiyo kwa mstari na uanze tena kutoka hatua ya 5. Vipimo vya ardhini unavyo tayari, kazi hiyo ni ya mchana mmoja.